Mpinzani Ameketi Wapi

Oktoba 1958, katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, wageni walipanga foleni ndefu kusubiri zamu ya kuchezea kioo cha duara chenye upana wa sentimita 13 tu. Mwanafizikia William Higinbotham, mmoja wa watu waliowahi kufanya kazi katika mradi wa bomu la atomiki, alikuwa amechoka kuona siku za wageni zikipita kwa watu kutembezwa mbele ya vifaa vilivyonyamaza. Akachora mpango wa mchezo wa tenisi, na fundi Robert Dvorak akaunganisha nyaya. Mstari mrefu ulikuwa uwanja, mstari mfupi uliosimama ulikuwa wavu, na nukta inayong'aa ikawa mpira. Kila mchezaji alishika kisanduku chenye swichi ya kuzungusha ili kuchagua pembe, na kitufe kimoja cha kupigia. Mtu aliyekuja peke yake hakuwa na la kufanya. Mashine ilijua namna mpira unavyoruka na kudunda, lakini kushindana haikujua.

Siku hizi gemu ya wengi huzungumzwa kama nyongeza, kitu kilichobandikwa juu ya gemu ya mtu mmoja. Kihistoria mambo yalianza upande wa pili. Kompyuta za zamani ziliweza kufundishwa drafti au chesi kidogo, lakini mchezo wa wepesi wa mkono na jicho ulihitaji binadamu wa pili, kama bao linavyohitaji: hakuna anayekaa barazani akacheza bao na nafsi yake. Kilichobadilika tangu 1958 ni mahali mpinzani anapokaa. Alianza ubavuni, akahamia chumba cha pili, kisha mji wa pili, kisha bara la pili. Kila aliposogea, mchezo uligeuka kitu kingine, na mara nyingi waliougeuza ni wachezaji wenyewe wala si waliouunda.

Mfano wa mapema unatoka chuo cha MIT, mwaka 1962. Steve Russell na wenzake waliandika Spacewar!, vita vya vyombo viwili vya angani vinavyozunguka nyota yenye mvutano, kwa ajili ya kompyuta ya PDP-1 iliyouzwa dola 120,000 hivi. Mwanzoni wachezaji waliendesha vyombo vyao kwa swichi za mbele ya mashine. Viwiko viliuma. Tena aliyekaa upande mmoja aliona skrini vizuri kuliko mwenzake, na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa sababu mshindi aliambiwa ameshinda kiti. Alan Kotok na Bob Saunders wakaokoteza vipuri vya klabu yao ya treni za kuchezea, wakatengeneza visanduku viwili vya mkononi vyenye waya mrefu. Pedi zinazoshikwa leo ni wajukuu wa visanduku hivyo, na inafaa kukumbuka kwamba vilizaliwa kutokana na malalamiko ya mtu aliyeshindwa.

Miaka kumi baadaye, tarehe 19 Oktoba 1972, gemu hiyo hiyo ilichezwa katika maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford mbele ya watazamaji. Zawadi ya mshindi ilikuwa kuletewa jarida la Rolling Stone kwa mwaka mzima. Mwandishi Stewart Brand alikuwepo akaandika habari zake, na hivyo mashindano ya kompyuta yakawa na mchezaji, mshabiki na mwanahabari katika chumba kimoja.

Biashara ya gemu nayo ilishika kasi mwaka ule ule. Magnavox ilianza kuuza Odyssey, kifaa cha nyumbani kilichobuniwa na Ralph Baer, ambacho hakikuwa na uwezo wa kumpa mtu mpinzani wa mashine. Kampuni changa ya Atari nayo ikaweka Pong katika baa iitwayo Andy Capp's Tavern, mjini Sunnyvale, California. Haikuchukua muda mashine ikagoma, na fundi Allan Alcorn alipoifungua alikuta chombo cha sarafu kimejaa hadi kufurika. Pong haikuchezwa na mtu mmoja. Aliyeingia baa bila rafiki alilazimika kumwomba asiyemfahamu asimame naye, na sehemu kubwa ya utamu wa Pong ilikuwa hapo. Michoro yake haikuwa na cha kujivunia.

Upweke wa heshima uliletwa na Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, Japani, mwaka 1978. Sasa adui alishuka kutoka juu ya skrini, safu kwa safu, akaongeza kasi kadiri alivyopungua. Mtu aliweza kusimama peke yake saa nzima. Hata hivyo alama za juu zilibaki zimeandikwa, na aliyekuja jioni alipambana na mtu aliyekuwa ameshaondoka mchana.

Katika kumbi za mashine za sarafu, mpinzani wa bega kwa bega alifikia kilele chake. Gauntlet ya Ed Logg, 1985, iliweka watu wanne kwenye mashine moja wakipigana na mazimwi upande mmoja. Uhai wa kila mmoja ulipungua sekunde kwa sekunde, hata akisimama tu. Sarafu iliuongeza. Chakula nacho kiliuongeza, lakini kililiwa na aliyekifikia kwanza, na risasi iliyopotea iliweza kukiharibu. Waliingia wakiwa marafiki wanne, na muda si mrefu mmoja alikuwa akiulizwa kwa nini amekula wakati mwenzake anakufa. Mwenye ukumbi alihesabu pesa. Ushirikiano ule ulikuwa umepimwa vizuri sana ili uvunjike.

Kisha mwaka 1991 Capcom ikatoa Street Fighter II. Ubora wake ulikuwa wahusika wanane wenye miili na mbinu tofauti, kiasi kwamba kumchagua Zangief au Chun-Li kulikuwa sawa na kutangaza tabia yako. Hesabu ya sarafu ndiyo iliyoujenga utamaduni wake. Mshindi aliendelea bure; aliyeshindwa alilipa tena au akaondoka. Waliosubiri walipanga sarafu zao kwenye ukingo wa kioo, na mpangilio wa sarafu ukawa ndio foleni, bila mwenye ukumbi kuandika kanuni yoyote. Chini ya utaratibu huo kujifunza kulikuwa na gharama halisi. Kijana mwenye sarafu tatu alikuwa na nafasi tatu za kumsoma bingwa wa mtaa, na katikati ya nafasi hizo alisimama nyuma akitazama vidole vya wenzake.

Jambo lililokuja kuwa roho ya michezo ya ngumi, yaani mapigo yanayoungana mpinzani asipate nafasi ya kujikinga, lilitokana na bahati. Wakati gemu inajaribiwa, mtayarishaji Noritaka Funamizu aligundua kwamba ukiwahi kwa wakati hasa, pigo la pili linaingia kabla athari ya la kwanza haijaisha. Ilionekana ni vigumu mno kutegemewa, basi ikaachwa humo kama siri. Wachezaji waliifukua, wakaifanya kuwa elimu. Mwaka 2004, katika mashindano ya Evo yaliyofanyika Pomona, California, akicheza Street Fighter III, Daigo Umehara wa Japani alibaki na uhai mwembamba kama uzi mbele ya Mmarekani Justin Wong. Alihitaji kuyapangua mapigo 15 mfululizo ya Chun-Li, kila moja kwa kusukuma kijiti mbele kwa wakati wake, na kosa moja lingemmaliza. Aliyapangua yote, akajibu, akashinda pambano. Video ya tukio hilo inakumbukwa kwa kelele za ukumbi kama inavyokumbukwa kwa mapigo yenyewe. Watazamaji wanasikika wameelewa kinachotokea kabla hakijaisha.

Wakati kumbi zile zikiwaka taa, mpinzani mwingine alikuwa ameshaanza kuhama. Katika mfumo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois, wanafunzi walikuwa wakicheza Empire kupitia vituo vilivyounganishwa tangu 1973. Uingereza, mwaka 1978, Roy Trubshaw wa Chuo Kikuu cha Essex alianza kuandika MUD, ulimwengu wa maneno matupu ambamo watu kadhaa waliweza kuwa katika chumba kimoja cha kufikirika huku kila mmoja akiwa kwenye kibodi yake. Richard Bartle akaurithi na kuukuza. Watu wa nje ya chuo waliruhusiwa kuingia kwa simu, lakini usiku, saa ambazo kompyuta haikuwa na kazi za wenyewe. Hivyo jamii ya kwanza ya namna hii ilikuwa ya wakesha.

Bila picha wala sauti, watu wale walifanya mambo yote ambayo baadaye yangeonekana mapya: waliiba, walioana kwa mzaha, walijenga urafiki, waliuana kwa uchokozi. Bartle aliwatazama kwa miaka, na mwaka 1996 akachapisha makala iliyowagawa kwa mfano wa karata: kuna wanaotafuta mafanikio, wanaotafuta siri za ulimwengu, wanaotafuta watu wa kuongea nao, na wanaotafuta watu wa kuwaumiza. Mgawanyo huo umetumiwa kupita kiasi na watu wa masoko, na Bartle mwenyewe alikuwa akizungumzia MUD tu. Bado sehemu yake ya maana zaidi ni ile inayosahauliwa: kila kundi ni chakula au sumu kwa lingine. Wauaji wakizidi, waongeaji huhama, na baada ya muda wauaji hukosa wa kumuua.

Desemba 1993 kampuni ya id Software ya Texas ilitoa Doom. Watu wanne waliweza kuunganisha kompyuta zao kwa waya wa ofisini na kuwindana. Ofisi zililijua hilo kwa njia mbaya. Toleo la mwanzo lilituma kila taarifa kwa kila mashine iliyo kwenye mtandao, iwe inacheza au inachapa mishahara, na wachezaji wachache tu walitosha kuziba mtandao wa jengo zima. Intel na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ni miongoni mwa waliopiga marufuku au kutoa onyo. Toleo lililofuata lilirekebisha kasoro hiyo, lakini tabia ilikuwa imeshaota: vijana wakaanza kubeba kompyuta nzito na vioo vyake, wakazipakia kwenye magari, wakakesha sebuleni kwa mmoja wao wakiwa na nyaya miguuni. Mpinzani alikuwa chumba kimoja nao, ila sasa hakuna aliyeona skrini ya mwenzake. Kujificha kukawezekana.

Hatua ya mbali zaidi iligota kwenye muda. Quake ya id Software ilipotoka mwaka 1996, aliyecheza kwa modemu ya simu alibonyeza kwenda mbele, ombi likasafiri hadi kwenye seva, jibu likarudi, na hapo ndipo mguu ukainuka. Robo sekunde inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mkononi ni kama kutembea ndani ya maji. John Carmack, mwandishi wa programu wa kampuni hiyo, alitoa suluhisho Desemba mwaka huo katika QuakeWorld. Kompyuta ya mchezaji haikungoja tena ruhusa. Ilikisia seva itajibu nini, ikamsogeza papo hapo, na kisirisiri ikajisahihisha jibu lilipofika. Kwa hiyo mchezaji angeweza kuona amekwisha pita kona, akahema, kisha akavutwa nyuma na kuambiwa alikufa kabla ya kuifikia. Michezo mingi ya kasi inayochezwa mtandaoni leo bado inatumia hila ya aina hiyo. Wachezaji kumi huwa katika nakala kumi za tukio moja zilizotofautiana kidogo, na seva ndiyo hakimu wa nani alipiga kwanza. Ugomvi mwingi wa mtandaoni ni wa watu wawili wakweli walioona mambo mawili tofauti.

Mwaka 1997 Dennis Fong, mzaliwa wa Hong Kong aliyejulikana kwa jina la Thresh, alishinda mashindano ya Quake na kuondoka na gari aina ya Ferrari lililokuwa la Carmack mwenyewe. Fong alisaidia pia kueneza mtindo wa kuweka mkono wa kushoto kwenye herufi W, A, S na D. Watu wengi wanaocheza kwa kompyuta leo huweka vidole hapo bila kujua wamerithi mkao wa nani.

Sebule, hata hivyo, haikukubali kufa mapema. Agosti 1997 kampuni ya Rare, kutoka kijiji cha Twycross, Uingereza, ilitoa GoldenEye 007 kwa mashine ya Nintendo 64 iliyokuwa na matundu manne ya pedi. Sehemu ya wachezaji wanne iliongezwa karibu na mwisho wa kazi na Steve Ellis, bila wakuu kuagiza, na ndiyo iliyoifanya gemu hiyo ikumbukwe. Skrini iligawanywa robo nne. Kuchungulia robo ya mwenzako kulikuwa kosa la jinai katika nyumba moja na haki ya raia katika nyumba ya jirani. Mhusika mfupi Oddjob alipigwa marufuku sebule nyingi kwa sababu bunduki inayojilenga yenyewe ilipitisha risasi juu ya kichwa chake. Hakuna programu iliyomzuia. Waliomzuia ni watu, kwa mdomo, na aliyekaidi hakualikwa tena.

Korea Kusini ilichukua njia yake. StarCraft ya Blizzard ilitoka Machi 1998, miezi michache baada ya msukosuko wa fedha wa Asia kuwaacha watu wengi bila kazi. Waliopoteza ajira walifungua kumbi za kompyuta zinazolipiwa kwa saa, serikali ikasukuma intaneti ya kasi, na gemu iliyofaa wakati huo ikawa imewasili. Kufikia 2000 kulikuwa na chaneli ya televisheni ya gemu, shirikisho la wachezaji na ligi. Lim Yo-hwan akawa na mashabiki kama mwanamuziki. Fainali ya 2004 katika ufuko wa Gwangalli, mjini Busan, ilikadiriwa kuvuta watu 100,000. Na kama ilivyo kwa mchezo wowote wenye pesa na kamari, 2010 ilileta kashfa ya kuuza mechi. Wachezaji 11 walifungiwa maisha.

Hadi hapo mpinzani alikuwa mmoja, wanne, labda kumi na sita. Ultima Online, Septemba 1997, iliwaleta maelfu. Richard Garriott na timu yake walikuwa wameunda dunia yenye ikolojia, ambamo mbwamwitu huwinda sungura na njaa ya mnyama mmoja huathiri mwingine. Wachezaji waliingia wakaua kila kitu chenye miguu kabla mfumo huo haujapata nafasi ya kuonekana. Wiki chache kabla ya uzinduzi, katika majaribio, Garriott alitokea mbele ya umati kama mfalme Lord British, mhusika asiyeweza kufa. Kinga yake haikuwa imerudishwa baada ya seva kuzimika. Mchezaji mmoja akaiba karatasi ya uchawi wa moto, akaisoma, mfalme akafa mbele ya raia wake. Mauaji ya wageni barabarani yaliwakimbiza wateja wengi kiasi kwamba mwaka 2000 kampuni iligawa dunia mara mbili: moja ya hatari, moja ambamo huwezi kumuua asiyekubali. Wengi walihamia penye amani. Wakongwe bado wanabishana kama hapo ndipo mchezo ulipookolewa au ulipozikwa.

Tukio la ajabu kuliko yote la aina hii lilitokea Septemba 2005 katika World of Warcraft ya Blizzard. Jini aitwaye Hakkar alikuwa na uchawi wa damu unaoambukiza, uliokusudiwa kubaki ndani ya ngome yake. Wanyama wa wachezaji walioupata humo wakiisha kurudishwa mifukoni, walitolewa tena mjini wakiwa bado nao. Miji ikajaa mifupa. Wapo waliojitolea kuponya wageni, wapo waliokimbilia milimani, na wapo walioenda makusudi penye watu wengi ili wawaambukize. Blizzard ilishindwa kuwatenga wagonjwa, mwishowe ikalazimika kuiwasha upya mitambo. Mwaka 2007 Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika kuhusu tukio hilo katika jarida la kitabibu la Lancet Infectious Diseases, wakisema kwamba mifano ya hesabu za magonjwa ilikuwa haijawahi kumhesabu mtu anayekwenda kuutazama ugonjwa kwa udadisi tu. Baada ya 2020 makala hiyo ilisomwa upya kwa macho mengine.

Xbox Live, huduma ya mtandaoni ya Microsoft, ilifunguliwa Novemba 2002, na miaka miwili baadaye gemu ya Halo 2 ikaleta utaratibu ambao sasa unaonekana wa kawaida: bonyeza kitufe, mashine ikutafutie wapinzani wa kiwango chako. Kabla ya hapo mchezaji wa kompyuta alichagua seva kutoka kwenye orodha, akaizoea, akakuta sauti zile zile kila jioni, akaogopa kufukuzwa na mwenye seva. Utaratibu mpya ulikuwa wa haki zaidi kwa mgeni. Ulimwondolea pia majirani. Mtu unayepangiwa dakika kumi na hutamwona tena ni rahisi kumtukana, na vipaza sauti vya masikioni vilifanya kazi hiyo kwa bidii. Lawama nyingi zimewekwa kwenye tabia za vijana. Sehemu kubwa ilipaswa kuwekwa kwenye utaratibu uliofuta gharama ya tabia mbaya.

Wabunifu wengine walilijibu hilo kwa kupunguza. Hidetaka Miyazaki, aliyeongoza Demon's Souls ya 2009, amesimulia jinsi alivyokwama na gari kwenye mlima wenye theluji, madereva wasiofahamiana wakasukumana mmoja baada ya mwingine hadi juu, kisha wakaachana bila hata kushukuriana. Katika gemu yake mgeni huja, husaidia, hutoweka. Journey ya 2012 ilikwenda mbali zaidi: msafiri wa pili hana jina wala maneno, ana mlio tu. Katika majaribio wachezaji waliweza kugusana, na walichofanya ni kusukumana kwenye makorongo. Timu ya Jenova Chen ikaondoa uzito wa miili, mtu apite katikati ya mwenzake, na ikafanya ukaribu uongeze nguvu. Watu wale wale wakaanza kungojana.

Afrika Mashariki ilikuwa nje ya sehemu kubwa ya hadithi hii kwa sababu inayopimika. Hadi katikati ya 2009 intaneti ya pwani na bara ilipitia satelaiti zilizo kilomita 36,000 juu. Ujumbe hupanda, hushuka, jibu hupanda, hushuka: karibu nusu sekunde inaishia angani, hata kabla ya msongamano wa chini. Hila ya Carmack haikuundwa kwa umbali huo. Ndiyo maana gemu ya wengi Dar es Salaam, Mombasa au Kampala ilikuwa kibanda: televisheni, PlayStation 2, pedi mbili zilizofungwa gundi, benchi, na mpira wa miguu.

Kibanda kilirudia sheria za kumbi za sarafu bila kuzisikia. Taratibu hutofautiana mtaa hadi mtaa, lakini ile ya kawaida ni kwamba unalipia mechi, aliyefungwa anaachia pedi, mshindi anabaki. Watazamaji hawakai kimya. Kila mmoja ni kocha, na asiye na hela ya kucheza hulipa kwa kuchambua. Mwenye kibanda hukatisha mabishano kwa mkono ulio karibu na swichi. Mtoto mdogo hupewa pedi isiyochomekwa ili naye aone anacheza.

Kebo ya chini ya bahari ya SEACOM iliwashwa Julai 2009, TEAMS ikatia nanga Mombasa mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010. Muda wa kusubiri ulishuka sana, ila jiografia haikufutika. Seva nyingi ziko Ulaya, na safari ya kwenda na kurudi kutoka Nairobi bado inazidi milisekunde 100. Kwa mpira inavumilika. Kwa michezo ya ngumi, ambayo skrini hubadilika mara 60 kwa sekunde, ni pigo unaloliona likiwa limeshaingia.

Kutengwa huko kuna upande wake wa pili, na aliyeuonyesha dunia ni Mpakistani Arslan Siddique, maarufu kama Arslan Ash. Alikulia katika kumbi za Lahore, mbali na mzunguko wa gemu ya ngumi ya Tekken wa Korea na Japani. Februari 2019 alifika Evo Japan baada ya kuhangaishwa na viza, akawashinda watu ambao wengi waliamini hawana wa kuwagusa, kisha akasema nyumbani kuna wengine wanaomsumbua. Agosti akashinda pia Las Vegas. Bega kwa bega, mbele ya wapinzani wale wale kila siku, Lahore ilikuwa imekuza mitindo ambayo mabingwa wa Seoul hawakuwahi kuipata kwenye intaneti. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alitoka upande huo huo wa ramani: mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani kwa ajili ya Tekken, mwanamke wa kwanza kutoka Kenya kufika hapo.

Mpinzani wa mbali ana udhaifu mmoja ambao wa benchi hana: makao yake ni ya kampuni. Microsoft ilipozima huduma ya Halo 2 Aprili 2010, wachezaji wachache walikataa kuzima mashine zao na wakaendelea kucheza wenyewe kwa wenyewe kwa wiki kadhaa, hadi wa mwisho alipokatwa Mei. Ubisoft ilipofunga seva za The Crew tarehe 31 Machi 2024, hata walioinunua ili waendeshe magari peke yao walifungiwa nje, kwa kuwa gemu nzima iliegemea seva. Kampeni iliyoanzishwa na Ross Scott kupinga gemu zilizonunuliwa kuzimwa ilizaa ombi la wananchi kwa Umoja wa Ulaya, na Julai 2025 ombi hilo lilipita saini milioni moja. Septemba 2024 Ubisoft ilikuwa imeshaahidi kwamba The Crew 2 na The Crew Motorfest zitaongezewa njia ya kuchezwa bila seva. The Crew ya kwanza haikuwamo katika ahadi hiyo.